Cass, West Virginia: kiwanda kilifungwa, reli ikabaki

Tarehe 1 Julai 1960 kiwanda cha mbao cha Cass kilifungwa. Kilikuwa kikipasua magogo tangu 1902, na mji mzima ulisimama kwa ajili yake: nyumba, duka, na reli iliyopanda mlimani kufuata miti. Miji ya aina hii ilikuwa mingi katika milima ya Appalachia ya Marekani, na mingi haina tena kitu zaidi ya misingi ya mawe iliyomezwa na vichaka. Cass haikuishia hapo. Kisa hiki kinaeleza kwa nini, kisha kinauliza ni nini hasa kilichookolewa, kwa kuwa wengi hulipita swali hilo la pili.

Wakazi na wafanyakazi wa kawaida hawatajwi hapa kwa majina wala kwa sifa za kuwatambulisha. Wanaotajwa ni wale tu walio kwenye kumbukumbu za umma.

## Usuli

Cass iko katika kaunti ya Pocahontas, ukingoni mwa mto Greenbrier, mashariki mwa jimbo la West Virginia. Mwishoni mwa karne ya 19 milima iliyo juu yake, Back Allegheny na Cheat, ilifunikwa na misprusi myekundu. Huo ni mti wa nchi ya baridi, ndugu wa msonobari, na nyuzi zake zinafaa sana kwa karatasi. Nyanda za juu za jimbo zilikuwa na takriban ekari nusu milioni za msitu huo. Utajiri ulionekana kwa macho, ila haukufikika. Misonobari ya bondeni ilikuwa imeshakatwa na kuelea kwenye mto wakati maji yamejaa, lakini hakuna mto ambao ungeyashusha magogo kutoka mgongo wa mlima wa Cheat hadi sokoni.

Kampuni ya West Virginia Pulp and Paper ilikuwa na kiwanda cha karatasi mjini Covington, jimbo la Virginia. Desemba 1900 reli ya Chesapeake & Ohio ilifikisha tawi lake la Greenbrier mahali ambapo kijito cha Leatherbark kinaingia mtoni. Hapo hesabu ilikamilika: gogo likishushwa hadi mtoni tu, treni italifikisha Covington. Mwezi uliofuata magogo ya kwanza yaliondoka. Mji ukachorwa pale pale na kupewa jina la Joseph K. Cass, mmoja wa wakubwa wa kampuni.

Kazi ngumu ilibaki kuwa kushusha gogo mlimani. Reli ya kawaida inaponyanyuka mita 2 kwa kila mita 100 huhesabiwa kuwa imekuwa kali. Reli ya Cass ina mahali inaponyanyuka mita 11. Penye mteremko mkali mno waliijenga kwa zigizaga: treni inakwenda mbele hadi mwisho wa kipande, swichi inageuzwa, kisha inapanda kinyumenyume kwenye kipande kinachofuata. Injini ya kawaida ya mvuke ingeteleza hapo kama mbuzi kwenye vigae. Walitumia injini za Shay, zilizobuniwa na mkata miti aitwaye Ephraim Shay na kuundwa na kiwanda cha Lima, Ohio. Pistoni za Shay husimama wima upande wa kulia wa injini, na kwa shafti na gia huzungusha kila gurudumu, hata yale yaliyo chini ya tangi la maji. Haina mbio. Lakini inapanda, inavuta, na inavumilia reli iliyotandikwa haraka haraka juu ya mataruma yaliyochongwa porini. Mtu asiyeielewa injini hii hawezi kukielewa kisa hiki, maana mwishoni ndiyo iliyouokoa mji.

## Mji ulivyofanya kazi

Kiwanda kilipokuwa na nguvu kilikuwa na zamu mbili kwa siku, kila moja saa 11, siku sita kwa wiki. Kila zamu ilitoa zaidi ya futi 125,000 za mbao kwa kipimo cha Kimarekani, ambapo futi moja ni ubao wa futi moja kwa futi moja wenye unene wa inchi moja. Mbao zilikaushwa kwa mvuke uliopita kwenye mabomba yenye urefu wa kilomita 17 hivi. Ukiwaunganisha watu wa kiwandani, wa reli na wa kambi za msituni, idadi ilifika kati ya 2,500 na 3,000.

Nyumba zilikuwa za kampuni. Zilifanana, zilipakwa rangi nyeupe, zikapangwa kwa safu na uzio, na mbele yake kulikuwa na njia za mbao za kutembelea kwa miguu. Duka lilikuwa la kampuni pia, jengo kubwa kuliko ambalo mji wa ukubwa ule ungelihitaji, kwa sababu lililisha na kambi za mlimani vilevile. Mshahara uliolipwa na kampuni ulirudi kwa kampuni kwa njia ya kodi ya nyumba na unga wa dukani. Si wafanyakazi wote walioishi kwenye zile nyumba nyeupe. Waliokata miti walikaa kambini kwa wiki nyingi, na waliposhuka na fedha mfukoni walivuka mto kwenda Cass ya Mashariki, ambako baa zilikuwa nje ya mamlaka ya kampuni.

Juu mlimani, kwenye mwinuko wa mita 1,170 hivi, kulikuwa na mji mwingine ulioitwa Spruce. Ulikuwa na kiwanda cha kumenya magogo ya karatasi, nyumba, shule na duka, lakini barabara haikuwapo. Mgonjwa, mwalimu, barua, maziwa: vyote vilifika kwa treni.

## Mfuatano wa matukio, 1925 hadi 1960

Dalili za mwisho zilianzia Spruce. Mwaka 1925 kazi ya kumenya magogo ilisimama hapo, kwa kuwa misprusi mikubwa ilikuwa inakwisha. Mwaka 1927 kampuni iliiuzia reli ya Western Maryland njia yake kuu ya mlimani, na ile ikaanza kuitumia kubeba makaa ya mawe. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa mwenye mali, kwani aliuza kitu ambacho bado kilikuwa na mnunuzi. Kwa mji wa Spruce ndio ulikuwa mwisho. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kubaki mahali pasipo na barabara wala kazi.

Cass iliendelea kwa sababu ilikuwa na mbao za aina nyingine za kupasua. Mwaka 1942 kampuni iliuza kiwanda, reli na ardhi kwa Mower Lumber Company. Mmiliki mpya alikata miti iliyoota baada ya mkato wa kwanza, akatandika upya vipande vya reli palipokuwa pameachwa, na akaendelea na injini zile zile za mvuke. Wakata miti wengine wa Marekani walikuwa wamehamia malori na barabara za udongo. Cass haikuhama. Magogo yalishuka kwa Shay hadi siku ya mwisho mwaka 1960.

Wengi husoma jambo hilo kama uzembe wa kibiashara. Inawezekana lilikuwa hivyo. Lakini kama Mower angenunua malori mwaka 1946, reli ingeng'olewa na kuuzwa chuma wakati huo, na mwaka 1960 kusingekuwa na cha kuokoa.

## Uamuzi wa kwanza: kuzuia vyuma chakavu

Baada ya kufungwa, reli na injini vilikwenda kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Kazi ya kung'oa ilianza. Hapo akatokea Russell Baum, mkazi wa Sunbury, Pennsylvania, mpenzi wa treni ambaye hakuwa na undugu wowote na mji. Hoja yake ilikuwa kwamba watu watalipa nauli kupanda mlima huu nyuma ya injini ya Shay. Aliungana na wafanyabiashara wa eneo lile, wakapeleka hoja kwa bunge la jimbo. Mwaka 1961 jimbo liliamua kununua reli na kuifanya hifadhi ya umma.

Inafaa kuangalia vizuri ni hoja gani iliyoshinda. Hawakuomba mji uokolewe kwa huruma, wala hawakuahidi kiwanda kipya. Walionyesha kitu kimoja ambacho hakikupatikana pengine kwa hali ile: injini zenye uhai, mafundi wanaozijua, na mlima mkali vya kutosha kumfanya abiria ashike kiti. Vyote vitatu vilikuwapo mahali pamoja kwa miezi michache tu. Mafundi wangetawanyika kutafuta kazi, na injini ikishakatwa kwa gesi hairudi. Kwa hiyo ombi lilikuwa dogo, lilieleweka, na lilikuwa na tarehe ya mwisho ambayo kila mbunge aliweza kuiona.

Juni 1963 treni ya kwanza ya watalii ilipanda hadi Whittaker, kilomita sita na kitu juu ya mji. Abiria walikaa kwenye mabehewa ya magogo yaliyowekewa viti na paa. Msimu wa kwanza walizidi elfu ishirini, katika kaunti yenye watu wachache na barabara za kona kona. Mwaka 1968 safari zilifika Bald Knob, kilele cha mita 1,476.

## Miaka 16 bila uamuzi

Jimbo lilinunua reli. Halikununua mji.

Hapa ndipo kosa kubwa la kisa hiki lilipo. Kati ya 1961 na 1977 treni zilijaa watu, huku kiwanda kikisimama tupu kando ya kituo na nyumba za kampuni zikichakaa. Mwaka 1972 moto uliteketeza karakana ya treni. Mwaka 1977 ndipo jimbo liliponunua sehemu kubwa ya mji, pamoja na duka na nyumba. Nyumba zilianza kukarabatiwa na kukodishwa kwa wageni. Kiwanda chenyewe, jengo lililokuwa sababu ya yote, kiliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo kuna mabaki ya vyuma na matofali mahali pale.

Wakati huohuo njia ya kufika ilikatika. Mwishoni mwa 1978 Chesapeake & Ohio ilifunga tawi la Greenbrier, lile lililouzaa mji. Sehemu kubwa yake ikageuzwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Novemba 1985 mafuriko makubwa ya Greenbrier yaliharibu sehemu ya kaskazini iliyobaki na reli, ile inayokwenda Durbin.

Jimbo lilichelewa kwa sababu inayoeleweka. Fedha za umma hufuata kitu chenye tiketi, na treni ilikuwa na tiketi. Jengo la kiwanda lilihitaji paa, mlinzi, na mtu wa kusema kwamba lina thamani, na hakuna idara iliyokuwa na wajibu huo. Kwa maoni yangu gharama ya mlinzi na bomba la kuzimia moto ingekuwa ndogo sana ukilinganisha na kilichopotea. Mgeni wa leo anapanda treni ya magogo bila kuona magogo yalikokuwa yakienda.

## Matokeo

Ukipima kwa reli, matokeo ni mazuri sana. Lima iliunda takriban injini 2,770 za Shay, na Cass ina mkusanyo wa aina yake wa zile zinazofanya kazi. Shay namba 5 iliundwa mwaka 1905 na bado ni ya mlima huuhuu. Namba 6, iliyotoka kiwandani mwaka 1945 kwa ajili ya Western Maryland, ndiyo Shay ya mwisho kuundwa duniani. Ina uzito wa tani 162, na ilifika Cass mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kukaa makumbusho. Mafundi wa karakana ya Cass huchonga vipuri wenyewe, kwa kuwa hakuna mahali pa kuvinunua. Ujuzi huo haukuhifadhiwa kwenye kabati la kioo. Umepita kutoka mkono hadi mkono, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko injini zenyewe.

Ukipima kwa watu, hesabu ni nyingine kabisa. Sensa ya 2010 ilikuta wakazi 52. Kazi za treni ni za msimu: nyingi huanza majani yanapochipua na kuisha yanapoanguka. Nyumba zilizolala familia za wapasua mbao sasa hulala wageni wa siku mbili, na duka la kampuni linauza zawadi na chakula. Mji unaonekana mzima kuliko ulivyowahi kuwa, rangi nyeupe imekolea, lakini wenye kuuita nyumbani hawajazi basi moja kubwa.

Na kuna mazingira yanayofunga milango mingine. Jirani yake, Green Bank, kuna darubini kubwa ya redio, na tangu 1958 eneo lote limo ndani ya ukanda ambamo mawimbi ya redio yanabanwa kisheria. Kwa mtalii, ukosefu wa mtandao wa simu ni sehemu ya mapumziko. Kijana anayetaka kuishi Cass huku akifanya kazi ya mbali huuona kama ukuta.

## Uchambuzi

Mmiliki mmoja alikuwa hatari na msaada kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa cha kampuni, kufungwa kwa kiwanda kuliondoa mshahara na uhakika wa paa kwa pigo moja, na wakazi hawakuwa na hisa ya kuwapa sauti mezani. Lakini hali hiyohiyo ndiyo iliyowezesha jimbo kununua reli nzima, na baadaye sehemu kubwa ya mji, bila kufukuzana na wenye viwanja mmoja mmoja. Mji wenye wamiliki wengi ungekuwa na watu wengi zaidi wa kuutetea, na pengine usingebaki na sura yake. Sioni namna ya kupata yote mawili.

Uokoaji ulianza na kitu kinachoweza kujilipia sehemu ya gharama zake, na hilo lilifanya kazi. Kosa ni kudhani kwamba kitu hicho kingevuta vingine vyote chenyewe. Treni ilivuta wageni, haikuvuta paa la kiwanda. Kila jengo lililobaki Cass lina mtu au taasisi iliyoamua kwa jina kulitunza, na lile ambalo halikuamuliwa liliungua.

Tukio la Baum linahitaji tahadhari. Ni rahisi kulisimulia kama habari ya mtu mmoja shujaa. Bila yeye hoja isingetolewa, hilo kweli. Lakini bila wafanyabiashara wa kaunti asingekuwa na mlango wa bunge, na bila mafundi waliobaki asingekuwa na treni ya kuonyesha. Anayetaka kurudia jambo hili mahali pengine aanze kwa kuuliza ni nani bado anajua kuendesha mashine, na ataondoka lini.

Jambo ambalo maelezo mengi ya Cass huliacha ni msitu. Kampuni ilikata kila kitu mfululizo na kuacha matawi makavu, na katika nyanda za juu za West Virginia moto uliofuata ukataji huo uliunguza hata udongo wenyewe, ambao kwenye misprusi ni mboji nene inayowaka. Kutoka ekari nusu milioni, msitu huo ulibaki chini ya sehemu moja ya kumi. Sehemu ya ardhi ya Mower ilichimbwa makaa ya mawe baadaye. Miaka ya 1980 ekari kama 40,000 ziliingia kwenye Msitu wa Taifa wa Monongahela, na wataalamu sasa wanatumia tingatinga kuvunja udongo ulioshindiliwa na machimbo ili wapande misprusi tena. Kwa hesabu ya kampuni, gharama hiyo haikuwahi kuandikwa popote. Imelipwa na umma, miaka themanini baadaye, na malipo hayajaisha.

Kuhusu uendeshaji, jimbo liligundua kwamba kumiliki reli na kuiendesha ni kazi mbili. Mwaka 2015 shughuli za treni zilikabidhiwa kwa kampuni ya Durbin & Greenbrier Valley, ambayo tayari ilikuwa na treni nyingine za watalii katika eneo lile, huku mali ikibaki ya umma. Faida ya mpango huo imeonekana kwenye ile njia ya mafuriko: ilikarabatiwa, na mwaka 2023 treni zilianza tena kwenda kati ya Cass na Durbin. Hatua hiyo imeiunganisha tena Cass na mahali pengine kwa reli ya mtoni, na inawapa wageni sababu ya kulala usiku wa pili. Lililobaki kufanyiwa kazi ni wakazi: nyumba kadhaa, kati ya zile nyeupe, zipangishwe kwa mwaka mzima kwa mafundi na madereva wa treni, badala ya wiki kwa wiki kwa watalii.